Ngiri: wavu upi, ganzi ipi, na uende lini

Mjomba wangu anabeba magunia Busia, upande wa Uganda, pale malori ya mahindi yanapopanga foleni kuvuka kwenda Kenya. Mwaka jana kinena chake cha kulia kilianza kutoa kinundu kila alipoinua gunia, na kila alipolala chali kinundu kilirudi ndani chenyewe. Ngiri. Aliificha miezi minane. Alipokuja kwangu alikuwa na majibu mawili mkononi, na yote mawili yalikuwa yamemvuruga.

Kliniki moja ya Kampala ilimtajia shilingi milioni mbili na nusu: wavu kutoka nje, nusu kaputi, kitanda usiku mmoja. Kambi ya upasuaji iliyokuwa njiani kuja hospitali ya wilaya ilimwambia bure: ganzi pale pale kinenani, wavu uliokatwa kwenye kitambaa cha chandarua, na jioni anarudi kwake.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo), "mimi ni mtu mzima. Nishonewe chandarua mwilini, kwani ngiri yangu inaogopa mbu?"

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Naandaa vyombo na kumpa daktari anachoomba. Kisu si changu. Lakini nimesimama pembeni ya ngiri nyingi kiasi cha kuwa na maoni, na nasoma tafiti zinapotoka. Usiku ule tulikaa uani na chai, tukaweka yale majibu mawili kwenye mizani. Hayo tuliyoyapima nayaandika hapa kwa sababu mjomba hayuko peke yake: uchunguzi uliofanywa vijijini Iganga na Mayuge ulikuta karibu wanaume 7 kati ya 100 wana ngiri ya kinena ambayo haijatibiwa.

Wavu wa kiwandani na wavu wa chandarua

Ngiri ni tundu. Ukuta wa misuli ya tumbo umelegea mahali, na utumbo au mafuta yanachungulia. Daktari anaweza kuvuta kingo za tundu zikutane na kuzishona, au anaweza kuweka wavu kama kiraka, mwili ukaota juu yake. Ukivuta nyama ambazo hazitaki kukutana, nyuzi zinakata na tundu linafunguka upya. Mwaka 2018 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, walijumlisha majaribio 25 na kuona kwamba ukiwawekea wavu watu 46 badala ya kuwashona tu, unamwepusha mmoja na ngiri ya kurudi. Wavu nao una gharama yake, maji kukusanyika chini ya ngozi hutokea zaidi kidogo. Kwa mtu wa ofisini ningesema tofauti ni ndogo. Kwa mtu anayelipwa kwa kila gunia, wavu.

Sasa wavu gani? Jibu lilipatikana hapa hapa, Kamuli, kaskazini mwa Jinja. Madaktari wa Uganda na wa Sweden waliwachukua wanaume 302 wenye ngiri ya kinena na kuwagawa kwa kura: upande mmoja wavu wa kiwandani, upande wa pili wavu wa chandarua. Mgonjwa hakuambiwa amewekewa upi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka mzima, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja wa upande wa chandarua, asilimia 0.7, na hakuna wa upande wa kiwandani. Waliopata tatizo lolote baada ya upasuaji walikuwa asilimia 30.8 kwa chandarua na 29.7 kwa kiwandani. Mjomba aliposikia asilimia 30 aliweka kikombe chini. Nilimweleza kwamba watafiti wanaohesabu kwa uaminifu huhesabu hata uvimbe na damu iliyovilia, mambo ambayo sisi wodini tunaambiana "itapona" na hatuandiki. Cha kutazama ni kwamba pande mbili zimelingana.

Bei ndiyo haikulingana. Kipande cha chandarua kiligharimu karibu dola 1. Wavu wa kiwandani, zaidi ya dola 100.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Kamuli. Daktari Ravindranath Tongaonkar wa Dondaicha, mji mdogo wa India, alikuwa akiwatibu wagonjwa wake kwa wavu wa chandarua na akachapisha taarifa zao mwaka 2003. Alikuwa na wagonjwa wasio na pesa, na duka la vitambaa karibu.

Lakini tuelewane: huo si ule uliotundikwa juu ya kitanda chako. Vyandarua vinavyogawiwa bure vimetiwa dawa ya kuua mbu. Kitambaa cha upasuaji hakina dawa. Kinakatwa, kinaoshwa, kinafungwa, kinapikwa kwenye mashine ya mvuke kwa nyuzi 121. Hapo ndipo mimi ninapokuwa mkali, kwa sababu ni eneo langu. Vyombo vya chuma mara nyingi tunavipika kwa nyuzi 134, na plastiki ya chandarua haivumilii joto hilo, inajikunja kama mfuko uliowekwa karibu na jiko. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekuja na wavu wa chandarua ni moja: mmeupikaje? Akikujibu bila kusita, kaa. Akikwambia umelowekwa kwenye dawa, mwage kwaheri.

Kuna mipaka mingine. Wanaume wa Kamuli walikuwa na ngiri ya upande mmoja, ya mara ya kwanza, inayorudi ndani. Mwanamke, au mtu ambaye ngiri imemrudia, au ambaye imenyongeka (kilichotoka kimebanwa na hakirudi ndani), asijipimie kwa matokeo yale.

Na kuna jambo zito kuliko wavu ambalo watu hawaliulizi: mkono. Sierra Leone, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 230 waligawanywa kati ya madaktari wa kawaida na maafisa wa tiba waliofundishwa upasuaji, wote wakiweka wavu. Baada ya mwaka ngiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 6.9 ya waliopasuliwa na madaktari na asilimia 0.9 ya waliopasuliwa na wale wasio madaktari. Cheti cha ukutani hakishoni. Muulize mtu: umefanya ngiri ngapi mwaka huu? Hana haki ya kukasirika. Fundi wa gari unamuuliza, seuze huyu.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshamwambia mjomba msimamo wangu: wavu ukiwa umeandaliwa sawasawa na mkono umezoea, ile milioni mbili na nusu hainunui ngiri iliyozibwa vizuri zaidi. Inanunua kitanda safi, faragha na kutosubiri foleni. Hivyo ni vitu halali kununua, mradi ujue ndivyo unavyonunua.

Ganzi, sindano ya mgongo, nusu kaputi

Hapa ndipo alipokuwa amepotea zaidi. Kichwani mwake kulazwa usingizi kabisa ni huduma ya tajiri, na ganzi ni ya mtu asiye na kitu. Kwa ngiri ya kinena inayofanywa kwa kufungua, mambo yamegeuka.

Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Sweden lililohusisha hospitali 10 na wagonjwa 616, waliogawanywa kwa kura katika makundi matatu: ganzi ya mahali, sindano ya mgongo, nusu kaputi. Waliopata ganzi walitoka hospitali mapema zaidi, maumivu yao baada ya upasuaji yalikuwa machache kuliko ya wengine, na wachache zaidi walishindwa kukojoa. Aliyeongoza utafiti ule, Pär Nordin, ni mmoja wa hao hao waliokuja kufanya kazi Kamuli.

Ganzi inakuwaje? Daktari anachoma lignokeni, dawa ya kufisha ganzi, taratibu, tabaka kwa tabaka, ngozi kwanza kisha chini yake. Uko macho. Kukatwa hupaswi kukusikia, ila kuvutwa utakusikia, kama mtu anapekua mfuko wa suruali yako huku umeivaa. Daktari anaweza kukuambia ukohoe, akaona kiraka kinashika ama hakishiki, jambo ambalo mtu aliyelala hawezi kumfanyia. Ukimaliza unaketi, unapewa chai, unatembea. Hasara zake nazo si za kufichwa: Wasweden walioilalamikia ganzi wengi walilalamikia maumivu wakiwa mezani. Daktari mwenye haraka ni adui wa ganzi, kwa sababu dawa inahitaji dakika kadhaa kushika na yeye ameshaomba kisu. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa ngiri wa mwaka 2018 unaipendekeza ganzi kwa sharti kwamba anayeitumia ameizoea. Haifai kwa mtoto. Haifai kwa ngiri kubwa iliyoshuka mpaka kwenye korodani na kukaa huko miaka, wala iliyonyongeka, wala kwa mtu ambaye hofu itamtoa mezani.

Sindano ya mgongo ndiyo ya kati, na katika hospitali nyingi za wilaya ndiyo utakayopewa usipouliza. Ni rahisi, inafahamika, na mikono imeizoea kwa sababu ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Unachomwa mara moja, miguu inakuwa mizito kama si yako, na kwa saa mbili au zaidi chini ya kiuno hakuna habari. Husikii kuvutwa wala kupekuliwa. Ubaya wake: presha inaweza kushuka ghafla, mkojo unaweza kufunga mpaka uwekwe mpira, na baadhi ya watu hupata maumivu ya kichwa yanayoanza wanapoketi na kutulia wanapolala.

Hayo maumivu ya kichwa yanategemea sana ncha ya sindano. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya majaribio 110 na watu zaidi ya 31,000 uliona kwamba sindano za kawaida, zenye ncha ya kukata, ziliacha asilimia 11.0 ya watu na maumivu hayo, na zile za ncha butu kama ya penseli asilimia 4.2. Sindano ni ile ile kwa jicho la mgonjwa. Ukiweza kuuliza kabla ya siku yenyewe, uliza. Wakati mwingine hospitali ina zote mbili stoo na aliyeagiza hakufikiria.

Nusu kaputi kwa kawaida ni lazima ukitaka upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, ambao unapatikana Kampala kwa wenye nafasi. Nje ya hapo, kwa ngiri ya kawaida, mimi ningeiweka mwisho. Sababu haiko kwenye dawa. Nusu kaputi inataka mashine inayofanya kazi, oksijeni isiyokatika, kipimo kidoleni, na mtu aliyesomea usingizi anayekaa kichwani pako tangu mwanzo mpaka unafungua macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwauliza wataalamu wa usingizi wa Uganda walicho nacho: asilimia 23 tu walikuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Ni takwimu ya zamani, na tangu hapo vipimo vya oksijeni vya kidoleni vimefika mahali ambapo havikuwepo. Bado swali la nani atakaa kichwani halijazeeka.

Msiondoke hapa mkidhani nusu kaputi ni sumu. Shangazi yangu alivunjika nyonga akaikataa kabisa, eti itamharibu akili. Marekani na Canada waliwafuata wagonjwa 1,600 wa nyonga wenye miaka 50 na zaidi, matokeo yakatoka mwaka 2021. Waliokufa au kushindwa kutembea siku 60 baadaye walikuwa asilimia 18.5 kwa sindano ya mgongo na 18.0 kwa nusu kaputi. Waliochanganyikiwa baada ya upasuaji, 20.5 na 19.7. China nao walijaribu kwa wazee 950, mwaka uliofuata, na kuchanganyikiwa kulikuwa asilimia 6.2 kwa waliochomwa ganzi ya mwili nusu na 5.1 kwa waliolazwa. Hakuna pengo. Kwa nyonga, chagua ile ambayo watu wa hospitali hiyo wanaifanya kila siku.

Kuna namba moja ambayo huwa nairudia kazini hadi wenzangu wamenichoka. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa nchi 25 za Afrika uliofuata wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa. Walikuwa vijana kuliko wagonjwa wa kwingineko duniani, na wenye afya kuliko wao, lakini walikufa mara mbili zaidi. Na karibu wote waliokufa, asilimia 94, hawakufa siku ya upasuaji. Walikufa siku zilizofuata, wodini. Ukienda kuchagua kati ya kambi na hospitali, au kati ya kliniki mbili, acha kwanza habari za mashine za mezani. Uliza usiku nani anapita kuniangalia presha, na nikirudi nyumbani nimpigie nani jeraha likitoa usaha. Kambi nyingi zinashindwa hapo: madaktari wanakuja, wanafanya kazi nzuri, wanaondoka na gari lao. Nilimwambia mjomba asikubali kambi mpaka apate jina la muuguzi wa hospitali ile atakayebaki.

Dawa za kwenda nazo nyumbani

Hili ni fupi. Wengi wakitoka kupasuliwa wanataka "ile kali", yaani tramadol, dawa ya jamii ya afyuni. Mwaka 2022 Lancet ilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye watu zaidi ya 6,600 walioruhusiwa kwenda nyumbani baada ya upasuaji mdogo au wa kati. Waliopewa dawa za jamii ya afyuni hawakuumwa kidogo kuliko wasiopewa. Walitapika zaidi. Na kutapika ukiwa na mshono mpya kinenani sikuombei.

Kinachosaidia ni parasetamoli pamoja na ibuprofeni, kwa saa na kwa ratiba, bila kusubiri maumivu yapande. Denmark walipima kwa wagonjwa 556 waliobadilishwa nyonga, upasuaji mkubwa kuliko ngiri kwa mbali. Kwa saa 24 za kwanza waliokunywa parasetamoli peke yake walihitaji nyongeza ya mofini miligramu 36; ibuprofeni peke yake, 26; zote mbili pamoja, 20. Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu aiache ibuprofeni, na aseme mapema.

Nisieleweke vibaya kuhusu mofini. Nchi hii imewafundisha wengine jinsi ya kuitumia: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilianza kuichanganya na maji kwenye chupa, na tangu 2004 hata wauguzi waliosomea huduma ya tulizo wanaruhusiwa kuiandika. Mwenye saratani aipate bila mtu kumkunjia uso. Ngiri iliyozibwa haihitaji.

Sasa au baadaye

Mjomba alikuwa na hoja nzuri hapa. "Inarudi yenyewe. Kwa nini nisiiache?"

Marekani waliijaribu hoja hiyo kwa wanaume 720 ambao ngiri haikuwasumbua sana: wengine walipasuliwa, wengine walisubiri na kuangaliwa. Matokeo ya mwaka 2006 yaliwapa haki wanaosubiri. Kunyongeka kulikuwa nadra, chini ya watu 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Ila katika miaka 2 ya kwanza asilimia 23 ya waliosubiri waliomba wenyewe wapasuliwe, na ilipofika miaka 10 walikuwa wamefika asilimia 68. Kwa wengi, kusubiri kulikuwa kuahirisha.

Wale wanaume walikuwa na gari na hospitali karibu. Ukiwa kijijini Namayingo usiku, mvua inanyesha, na kinundu kimekuwa kigumu, kinauma, hakirudi ndani na unatapika, zile namba nadra hazikusaidii. Hapo hakuna ulinganisho tena. Ni pikipiki na hospitali, saa hiyo hiyo, na anayekupasua ni yeyote aliyepo. Karani mwenye kinundu kisichomuuma, aliye dakika 20 kutoka hospitali, anaweza kusubiri na asilale macho. Mbeba magunia ambaye kinundu kinatoka kila siku, simshauri.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo si kliniki wala kambi ilimjibu: nitabeba tena lini? Kutembea na kazi ndogo, nikamwambia, mara tu usipoumia, hata ndani ya wiki ya kwanza. Gunia la kilo 100 ni jambo jingine. Mimi nisingekuruhusu kabla ya wiki kadhaa, na daktari akiongeza, ongeza.

Akatoa simu, akampigia mwenzake wa foleni ya malori amshikie zamu mwezi mzima. Kambi ilipofika alikwenda na maswali manne nyuma ya risiti. La wavu lilijibiwa bila kusita, la ganzi pia. La mkono, daktari alicheka, akasema hajahesabu, akamwita muuguzi wake ahesabu kwenye daftari: 61 tangu Januari. La usiku, walimwandikia namba ya simu.

Siku ya nne alinipigia akiwa anatembea kwenda dukani. Chandarua, anasema, kinamwasha kidogo.